Nani kawaambia sote tunataka simu ya inchi 6.6? Nimechoka

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, uzi ni mrefu na nina hasira.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike hapa Dar, mwaka wa 14 huu. Futi ya kupimia haitoki shingoni. Nikitamka inchi najua ninachosema, ndizo zinazonilisha.

Jumamosi nilikuwa nakata gauni la msimamizi wa harusi. Mkono wa kulia una chaki, wa kushoto una simu, nasoma vipimo alivyonitumia mteja WhatsApp. Ndivyo tunavyofanya kazi, simu inapata mkono mmoja tu. Kipimo cha kiuno hakikuniingia akilini, nikataka kumpigia. Alama ya kupiga iko juu kabisa, kulia. Dole gumba la kushoto likivuka kioo kizima kwenda kona ile, kiganja lazima kilegee, simu inabaki imekaa juu ya vidole vinne kama sahani. Ikateleza. Kona ikapiga kwenye pedeli ya chuma ya cherehani.

Kuigeuza, ufa umetoka kona ya juu umeshuka hadi katikati, na upande wote wa kulia tachi imekufa. Vipimo vya mteja naviona mle ndani lakini siwezi kuvisogeza. Vumbi la kioo limemwagika juu ya kitambaa, nikakaa karibu nusu saa nalibandua kwa utepe wa gundi, kipande kwa kipande, ili asije akachomwa mtoto wa watu siku ya harusi.

Fundi simu kaniambia kioo ni Sh 90,000. Simu yenyewe nilinunua Sh 290,000 na haijamaliza miezi saba. Na hii ni mara ya pili! Ya kwanza ilikuwa ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unajibu ujumbe. Siku ile protekta ndiyo ilipasuka, nikashukuru Mungu.

Nikasema basi, siweki kioo, naenda Kariakoo kununua simu ndogo. Nimezunguka Mtaa wa Aggrey kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Duka la kwanza kijana kaniletea ya inchi 6.6. Nikamwambia nataka ndogo. Kaleta ya 6.56. Duka la nne au la tano mwingine kaniambia, "Dada, ndogo ndiyo hiyo, labda nikupe kiswaswadu." Maana yake mimi nina njia mbili: niwe na simu isiyoenea mkononi, au nirudi kwenye kitochi cha kioo cha inchi 1.8 ambacho hakioneshi hata picha ya mshono. Katikati hakuna kitu! Kuna mtu mahali fulani kaamua hivyo, na sisi tukalipie.

Sasa tuongee vipimo, maana hapa ndipo tunapodanganywa.

Inchi ambazo watengenezaji wa simu wanatuandikia kwenye boksi si za upana wala za urefu. Wanapima kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Hakuna fundi anayempima mteja kutoka bega la kushoto hadi kifundo cha mguu wa kulia halafu akamkatia nguo. Kipimo cha aina hiyo hakikuambii kama kitu kitakuenea.

Chukua kioo cha zamani cha inchi 5.5, chenye uwiano wa 16 kwa 9 (urefu kwa upana). Upana wake ni inchi 2.7, urefu 4.8. Chukua cha siku hizi cha inchi 6.5, chenye uwiano wa 20 kwa 9. Upana inchi 2.67, urefu 5.93. Mmeona? Inchi nzima imeongezwa kwenye boksi, na upana haujaongezeka hata unyuzi, umepungua! Yote imekwenda juu, kule ambako dole halifiki. Mstari wa maandishi unaousoma hauna herufi zaidi ya wa zamani. Picha ya gauni aliyokutumia mteja, ikijaa upana wa kioo, ni ileile. Ulichoongezewa ni safari ya kidole.

Nilipima mkono wangu. Kutoka bonde la dole gumba hadi ncha yake ni inchi 2 na nusu. Simu iliyovunjika, mwili mzima, ni inchi 6 na nusu kasoro kidogo kwa inchi 3. Weka kava, maana bila kava huishi nayo wiki, upana unapita 3. Nimepima na wanawake wanne wanaokuja kushona kwangu, hakuna hata mmoja aliyefika kona ya juu bila kulegeza kiganja. Na msiniambie ni mambo ya wanawake, kijana wa bodaboda anayeniletea vitambaa naye hafiki.

Wenyewe wanajua. Apple walipotoa iPhone 6 na 6 Plus mwaka 2014, za inchi 4.7 na 5.5, waliweka na njia ya kushusha skrini chini ili kidole kifikie vitu vya juu. Android nayo ina mtindo wa mkono mmoja, hata kwenye yangu ulikuwemo. Ukishaweka kitufe cha kuteremsha skrini umekiri kwamba skrini haifikiki. Mimi nikikata sketi ambayo mteja lazima aipandishe kila akitaka kupiga hatua, nimeharibu sketi, na nitairudia kwa gharama yangu.

Haya, najua litakalokuja: "Watu wenyewe ndio walitaka kubwa." Ni kweli, sikatai. iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Mwaka 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple, alisimama mbele ya waandishi akasema hakuna atakayenunua simu kubwa isiyoshikika mkononi. Mwaka uliofuata Samsung wakatoa Galaxy Note ya inchi 5.3, ikachekwa kwamba ni kama kuweka kigae sikioni, na ikauzwa kwa mamilioni. Watu walitaka nafasi na walikuwa na haki, inchi 3.5 ilikuwa finyu. Lakini ile 5.3 iliyochekwa kwa ukubwa mwaka 2011, leo ukiiomba dukani wanakuona umepotea njia. Walipita pale palipotosha na hawakusimama.

Na lile la "ndogo zilitolewa zikakosa wanunuzi" nalijua pia. iPhone 12 mini ya 2020, inchi 5.4, kisha 13 mini ya 2021. Mwaka 2022 hapakuwa na mini mpya, nafasi yake ikachukuliwa na 14 Plus ya inchi 6.7. Mwaka 2025 wakaondoa na iPhone SE ya inchi 4.7. Sawa. Lakini ile 12 mini ilianza kwa dola 699 huko Marekani, na betri yake ilikuwa mAh 2,227 (ndicho kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Sisi simu ya laki mbili na nusu ina mAh 5,000 na tunalalamika haifiki jioni. Sasa umtengenezee mtu simu ndogo ya bei ya ng'ombe, yenye betri inayoisha mchana, halafu asiponunua useme watu hawataki simu ndogo? Hukutuuliza sisi. Simu ndogo ya bei ya chini yenye betri ya maana hajatuletea mtu tukaikataa.

Betri ndiyo hoja yao pekee ninayoiheshimu. Mwili mkubwa una nafasi ya betri kubwa, hilo halihitaji shule. Lakini kioo kikubwa nacho ndicho kinachoinywa hiyo betri. Na mimi sidai ile ya inchi 3.5. Simu ikiwa nene milimita mbili zaidi nitaibeba kwa furaha, unene hauniangushii simu. Upana na urefu ndivyo vinavyoiangusha. Wao wanashindana kwa wembamba, sisi tunaweka kava nene juu yake. Unene tunaununua wenyewe, bila betri ndani.

Tena angalieni ubora wa hicho kioo kikubwa tunachouziwa. Simu nyingi za bei yetu zina kioo cha inchi 6.6 chenye vitone (pikseli, vinukta vinavyochora picha) 720 kwa 1,612. Piga hesabu, ni kama vitone 267 kwa kila inchi. iPhone 4 ya mwaka 2010, ule udogo wake, ilikuwa na 326. Wenzangu wa vitambaa mtanielewa: ukihesabu nyuzi kwa inchi ndipo unapojua kitambaa kizito na kitambaa cha kuvuta. Hawa wamechukua nyuzi zilezile wakazitandaza kwenye eneo kubwa wakaliita maendeleo. Vitone hivyohivyo kwenye inchi 5.5 vingetulia, picha ingekuwa safi, na chipu isingetaabika zaidi.

Nije kwenye mifuko, kazi yangu hiyo. Zamani mfuko wa sketi ya kitenge nilikata kina cha inchi 6, ukatosha funguo na simu. Sasa nakata 8, na bado mteja akikaa kwenye bajaji simu inachungulia nje, na mpita njia wa pikipiki anaiona kabla yake. Kwenye kitambaa chepesi ndiyo balaa. Simu na kava lake ni kama robo kilo, inavuta upande mmoja wa nguo mpaka pindo linapinda. Nalazimika kutia kitambaa cha pili nyuma ya mfuko, muda wangu, uzi wangu. Mama zetu sokoni simu zao zilikaa kwenye pindo la kanga au ndani ya sidiria, mikono ikawa huru kupima nyanya. Hii ya 6.6 inakaa wapi? Inakaa mkononi au juu ya meza, na huko ndiko inakoibiwa.

Sisemi kubwa zifutwe. Mama yangu ana miaka 71, macho yamechoka, namkuzia herufi kwenye simu kubwa na anasoma ujumbe wa wajukuu bila kuomba msaada. Mwanangu anaangalia mpira, nayo haki yake. Wabaki nazo. Dukani viatu vinakuja kwa namba. Hakuna muuza viatu aliyemwambia mwenye mguu wa 37 kwamba siku hizi kila mtu ni 43.

Na wasiseme haiwezekani. Galaxy S24 ya mwaka 2024 ina kioo cha inchi 6.2 ndani ya mwili wenye upana wa milimita 70.6 na urefu wa 147. Kwa futi yangu hiyo ni inchi 2 na robo tatu na unyuzi, kwa inchi 5 na robo tatu na ushee. Inashikika! Walipunguza ule ukingo mweusi pembeni, kioo kikakua bila mwili kukua. Lakini ilitoka kwa dola 799, mara saba ya simu yangu iliyovunjika. Kwa hiyo ujuzi upo, ila simu inayoenea mkononi imegeuzwa kuwa anasa. Mwenye pesa anachagua, mwenye laki tatu anapewa ubao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hiyo Sh 90,000.

Mkiniuliza kipimo bora, natoa changu bila kuzungukazunguka: acheni kubishania inchi za kona kwa kona, pimeni mwili. Upana usizidi inchi 2 na robo tatu, urefu usizidi 5 na robo tatu, kioo kiwe chochote kitakachoenea humo. Betri mAh 4,500, unene waongeze. Na vitufe vya muhimu kwenye programu vishuke chini.

NAONGEZA (saa tatu usiku): Nimesoma majibu. Aliyesema nitumie kiswaswadu kwa kupiga na tableti kwa picha, ndugu yangu, niko meza ya kukatia, siyo ofisini. Tableti nitaishika kwa mkono upi? Aliyenishauri simu za kukunja, ukiikunjua Flip ya Samsung unakutana na ubao uleule mrefu, na bei yake ni cherehani mbili mpya na ovaloki. Aliyesema nizoee, nimezoea miaka minne, nimevunja protekta na kioo. Na dada aliyepima yake akakuta inchi 3 na robo pamoja na kava, asante sana, wengine nanyi pimeni muweke hapa, upana wa mwili na kama dole linafika kona ya juu. Nataka tuwe na namba zetu wenyewe.

Na mwenye kujua duka lolote, Kariakoo, Mwenge, hata Zanzibar au Mombasa, lenye simu mpya ya 4G isiyozidi upana huo, chini ya Sh 350,000, aniandikie hapahapa. Sitaki iliyotumika, sitaki ya kuagiza miezi miwili. Mteja wa gauni anakuja Ijumaa na vipimo vyake bado viko nyuma ya ule ufa.