MREJESHO: Yule wa kujisomea kalikulasi mwenyewe

Wakuu habari zenu, ni mimi yule wa PCM (mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati) niliyeuliza kama mtu anaweza kujisomea kalikulasi (hesabu za mabadiliko) na mekanika (fizikia ya mwendo) bila mwalimu. Mlioniambia niache video nishike kalamu mlinipa dawa, maana nilikuwa naangalia masaa matatu najiona nimeelewa, nikizima simu kichwa cheupee. Nikarudi aljebra na trigonometria wiki 3 nzima, aibu lakini ndo hivyo.

Kilichonifungua ni jiwe linaloanguka: umbali ni 5t² (t ni muda), ukidifarenshieti, yaani ukitafuta unavyobadilika kwa muda, unapata 10t ambayo ni kasi, ukirudia inabaki 10, kumbe ndo ile g, mchapuko wa mvutano wa dunia, tuliyokuwa tunakaririshwa (10 ni ya kukadiria, yenyewe ni kama 9.8)!

Basi nikafunga jiwe kwenye uzi wa mita 1, nikahesabu mabembeo 20 (kwenda na kurudi ni moja) yakachukua sekunde 40.5, nikapiga hesabu kwa kanuni ya pendulamu g ikaja 9.6, nikachoka. Kumbe nilipima uzi mpaka juu ya jiwe badala ya katikati yake, nikaongeza sentimita 2 kwenye urefu ikasoma 9.8, nilipiga kelele mpaka mama akaja kuuliza kuna nini 😂

Intagresheni kwa vipande bado inanitoa jasho, mwenye mbinu ya kuchagua u (ile sehemu unayoidifarenshieti) anisaidie.