Melanochrysum majani yanazidi kuwa madogo

Jamani, nina filodendroni melanochrysum, ile inayopanda yenye majani kama mahameli, sasa kila jani jipya linatoka dogo kuliko lililopita na ncha zinakauka, maji napa vizuri tu, shida nini?

— Ina kitu cha kupandia? Kwao Kolombia inaparamia miti, mizizi ya hewani ikishika kitu chenye unyevu ndo majani yanakuwa makubwa. Weka nguzo iliyozungushiwa makumbi ya nazi na uwe unailowesha hiyo nguzo, sio chungu tu.

— Ncha ni hewa kavu hiyo. Kupulizia maji wala haisaidii, yanakauka fasta afu unabaki na madoa.

— Asanteni. Haya madogo yatakua?

— Hayo basi tena, subiri mapya.