Mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini: nafuu yake mnaipimaje baada ya CPAP?

KlinikiKisumu: Hamjambo wakuu. Wagonjwa wetu wa CPAP (mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya pumzi isizibe usingizini) wakirudi tunawauliza "unaendeleaje?", wanajibu "salama, daktari", basi. Wiki hii mmoja mashine yake imeandika pumzi kukatika mara 3 tu kwa saa, ilhali alikuwa anasinzia kwenye benchi akingoja kuitwa. Dalili hasa mnazipimaje, na baada ya muda gani?

Mama_Usingizi: Tumia Epworth, fomu iliyotungwa na Murray Johns kule Melbourne, 1991. Ina maswali 8: uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiongea na mtu na kadhalika. Kila swali ni 0 hadi 3, jumla 24. Ikizidi 10, usingizi wa mchana umepita kiasi. Ijazwe kabla mashine haijawashwa kwa mara ya kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Irudie baada ya wiki 6, kisha miezi 3. Ikishuka alama 2 au 3, mgonjwa mwenyewe huihisi tofauti. Alama 1 usiitegemee.

Inapoharibika ni hapa: asiye na gari huruka maswali ya gari, jumla ikashuka bure. Mwambie akadirie, kwa mfano akiwa abiria kwenye matatu ya Kericho saa nzima bila kusimama. Na ukimsomea kwa Kijaluo leo, mwezi ujao kwa Kiswahili, umebadilisha kipimo.

Fundi_wa_Pumzi, Nakuru: Naongezea kuhusu madereva wa trela. Akihofia kazi yake, mtu wa alama 16 za Epworth atajiandikia 4. Akishazoea mashine na kukuamini, anasema ukweli, 7, nawe unadhani amezidiwa! Muulize mkewe au tanboi (msaidizi wake kwenye trela), kando, mambo yanayoonekana: gari limewahi kuchepuka? Analazimika kusimama Salgaa, kituo cha malori, alale kidogo? Mke naye ulizia kwanza kama wanalala chumba kimoja, maana asiyesikia mkoromo atasema umekwisha. Anayesinzia kwenye usukani asirudi barabarani mpaka hali itulie.

Sasa ile mara 3 kwa saa uliyotaja. Mashine huhesabu saa ilizowashwa tu. Tuseme bila mashine pumzi hukatika mara 40 kwa saa, naye analala saa 7 lakini anaivua baada ya saa 3. Hesabu: (3×3 + 4×40) ÷ 7, ni kama 24 kwa saa. Huyo bado ni mgonjwa kabisa. Fungua ripoti ya usiku mmoja mmoja; wastani wa mwezi huficha siku ambazo stima ilipotea au hakuivaa. Tazama pia uvujaji wa hewa. Mafuta ya uso kwenye mpira wa barakoa huufanya uteleze, mgonjwa anakaza mikanda, mpira unajikunja na kuvuja zaidi. Uoshwe kila asubuhi kwa sabuni laini.

Akiwa anavaa zaidi ya saa 6, hakuna uvujaji, na bado anasinzia, tafuta kwingine: zamu za usiku, dawa za mzio zinazoleta usingizi, tezi ya shingo, upungufu wa damu, sonona.

KlinikiKisumu: Asanteni sana. Presha je, inafaa kama kipimo?

Mama_Usingizi: Hapana. Kwa wastani hushuka mmHg 2 hadi 3 tu, na kosa la kupima linaweza kupita hapo. Afadhali uandike anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, kabla na baada.