Wakuu, nimeitwa fundi wa machujio mbele ya mama muuza migebuka!

Sina hata salamu. Nipo Mwanga, Kigoma, usiku huu macho yanawasha kama nimetiwa mchanga na hasira haijashuka tangu asubuhi. Yule fundi bodi mnamjua, msijifanye. Yule anayekwenda na kioo cheusi kichwani hata msibani.

Nimemlipa laki na nusu anifundishe kuchomelea bati, niifufue Peugeot 504 ya marehemu mzee. Wiki tatu nafagia gereji na kutumwa chapati. Leo ndiyo kanipa mashine: kijiti cha milimita mbili na nusu, moto wa kuchomelea geti la gereza, bati lenyewe halifiki milimita moja! Kugusa tu, shimo. Nikiziba, shimo linazaa.

Badala ya kupunguza ampea, kachukua bati LANGU, kalinyanyua juani, kachungulia, kaita watu: "Njooni muone chujio la mawese!" CHUJIO! LA MAWESE! Mama muuza migebuka kacheka mpaka beseni likainama. Halafu kaniuliza bei.

Angesema mapema piga nukta, ruka mbali, acha ipoe, ningetoboa? Lakini wapi, yeye kalinyanyua juani...

Mgebuka Mkavu: Ulimtajia bei gani mkuu?

Binti Ujiji: Weka picha ya chujio. Bila picha hii chai.

Fundi Mstaafu: Kijana, bati jembamba ni gesi au MIG, ile mashine ya waya, na ukikosa, kijiti chembamba kabisa. Na hayo macho umetazama moto bila kioo.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee. Kioo kilikuwa kichwani KWAKE!

Kasulu Kwetu: Afadhali wewe. Mimi fundi cherehani kanishonea suruali ya harusi, mguu mmoja mrefu. Nimeingia ukumbini nachechemea.

Binti Ujiji: Yule wa karibu na soko? Kitenge changu kilirudi pungufu, Ijumaa namkuta mkewe na kilemba cha maua yaleyale!

Kasulu Kwetu: HUYOHUYO!

Mzee wa Kibirizi: 504 ndiyo gari. Safari Rally 1975 ilibeba ushindi, 1978 ikabeba tena. Mlango wa nyuma unauza?

Mwenye uzi: Siuzi! Turudi kwenye mada. Kalinyanyua JUANI, watu wote...

Binti Ujiji: Subiri kwanza mkuu, tumalize la kitenge.