WITCH wamerekodi upya baada ya miaka 39 na bado kuna watu wanauliza "ni WITCH gani hao?" Nimechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila nikitaja albamu mpya za WITCH kwenye kundi lolote la wapenda muziki wa zamani, hazipiti dakika mbili, mtu anaibuka na sentensi yake ileile: "Hiyo si WITCH, hao ni Wazungu na mzee mmoja." Kisha wengine wanamgongea like, mjadala unafungwa, watu wanarudi kubishana kuhusu Van der Graaf Generator, bendi ya rock ya Uingereza. Leo nataka tuelewane. Na ambaye hajui historia hii asome kwanza, ndipo ajibu.

WITCH ni bendi ya rock ya Zambia. Ilitoka kwenye miji ya migodi ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati shaba ina bei na vijana wa Kitwe na Ndola wana hela ya kiingilio. Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, ambaye watu walimbatiza Jagari kwa sababu alilivamia jukwaa kama Mick Jagger. Magitaa yalikuwa ya Chris "Kims" Mbewe na John "Music" Muma. Besi Gedeon "Giddy King" Mulenga, dramu Boidi Sinkala, kinanda Paul "Jones" Mumba. Andikeni majina hayo mahali, nitayarudia.

Muziki wao, pamoja na wa bendi za Amanaz, Musi-O-Tunya na Ngozi Family, na wa mwanamuziki Rikki Ililonga, ndio unaoitwa Zamrock, yaani rock ya Zambia. Walisikiliza Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath kama kijana yeyote wa enzi zile, lakini hawakuishia kuiga. Sikilizeni albamu yao "Lazy Bones!!" ya mwaka 1975. Gitaa linakwaruza, kinanda kinaingia pembeni, mwendo unakatika katikati ya wimbo na kugeuka, halafu ghafla unasikia dramu inakwenda kwa mapigo ya ngoma za nyumbani. Yote yalirekodiwa kwa vifaa ambavyo bendi ya London ingevikataa hata kwa mazoezi. Kwenye shoo walianza jioni na kwenda mpaka usiku mkubwa, na Jagari alikuwa anaruka kutoka balkoni.

Sasa nifike kwenye kinachonichoma.

Mnapoichukua WITCH na kuipima kwa mizani ya bendi za Uingereza, mnakosea toka mwanzo. Van der Graaf Generator walivunjika mwaka 1978. Mwaka 2005 wakatoa albamu mpya, na waliokuwemo ni walewale wanne: Hammill, Banton, Evans, Jackson. Bendi nyingine ya huko, Asia, walitoa albamu ya "Phoenix" mwaka 2008, wanne wote wa mwanzo wakiwa studio moja kwa mara ya kwanza toka mwaka 1983. Safi, nimefurahi na nyinyi, hizo albamu ninazo. Lakini jiulizeni kwa nini iliwezekana. Iliwezekana kwa sababu wote walikuwa hai! Walikuwa na nyumba, walikuwa na hospitali, walikuwa na mirabaha inayoingia kila mwaka hata walipokuwa hawasemeshani. Bendi za huko zinavunjika kwa ugomvi wa hela na majivuno, na ugomvi huwa unakwisha.

WITCH hawakugombana. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na nchi nzima ilikuwa imeegemea shaba. Fedha za kigeni zikakauka, nyuzi za magitaa na spika za kuagiza zikawa anasa. Upande wa kusini vita vya ukombozi wa Rhodesia vinawaka, na Zambia, kwa kuwahifadhi wapigania uhuru, ikashambuliwa ndani ya ardhi yake; zikaja nyakati za amri ya kutotembea usiku na taa kuzimwa. Bendi ya rock ambayo riziki yake iko usiku itakula nini? Wakasogeza shoo mchana. Halafu wakaja wanakili kaseti, wakauza jasho la watu mitaani bila kumlipa yeyote. Jagari akaacha jukwaa mwaka 1977, akaenda kusomea ualimu, akafundisha. Wenzake wakaendelea bila yeye, wakageukia disko kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaingiza watu ukumbini. Albamu yao ya mwisho, "Kuomboka", ilitoka mwaka 1984. Baada ya hapo, kimya.

Halafu ukaja UKIMWI. Ulikipiga kizazi kile cha wanamuziki wa Zambia vibaya sana, miaka ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijamfikia mwananchi wa kawaida. Paul Ngozi, kiongozi wa Ngozi Family, aliondoka mwaka 1989. Mmoja baada ya mwingine wakazikwa, na ilipoingia karne hii, kwenye kikosi kile cha miaka ya 1970 alikuwa amebaki mtu mmoja. Mbewe hayupo. Muma hayupo. Mulenga, Sinkala, Mumba, wote hawapo. Jagari, sauti iliyojaza kumbi za Copperbelt, mkoa ule wa shaba, alikuwa machimboni anatafuta vito ili familia ile.

Huyo ndiye mnayemwambia "si WITCH halisi".

Nauliza kwa hasira na sioni haya: mlitaka amwite nani studio? Kati ya wale watano, mlitaka amfukue yupi? Kuna mtu humu aliandika kwamba angemheshimu zaidi kama angetumia jina lake mwenyewe "badala ya kuuza jina la marehemu". Ndugu yangu, jina hilo amelibeba yeye tangu kijana. Wenzake wamekufa, na njia pekee iliyobaki ya kuyafanya majina yao yatajwe Berlin, Los Angeles na Lusaka ni hiyo bendi kuendelea kupiga. Na anawataja. Kila anapohojiwa anawataja.

Tena hao "Wazungu" mnaowasema, mjue walifikaje hapo. Lebo ya Now-Again ya Los Angeles ndiyo iliyozikusanya albamu za WITCH na kuzitoa upya, na mwaka 2012 ikatoka kasha zima la kazi zao. Vijana wa Ulaya wakazisikia. Jacco Gardner, Mholanzi, mwanamuziki mwenye jina lake tayari, akashika besi. Nico Mauskoviç naye, Mholanzi mwingine, akakaa kwenye dramu. Mwaka 2017 wakaanza kuzunguka na Jagari Ulaya. Muitaliano Gio Arlotta akatengeneza filamu ya maisha yake. Watu hawa walikwenda Zambia kumtafuta mzee. Sisi wa huku, wenye reli inayotoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, tulikwenda kumtafuta lini? Mjomba wangu alifanya kazi TAZARA na alikuwa anarudi Mbeya na santuri za Zambia kwenye begi, kwa hiyo msiniambie muziki huu haukuwahi kuvuka mpaka.

Mwaka 2023 ikatoka "Zango", imerekodiwa Lusaka, DB Studios. Miaka 39 baada ya albamu ya mwisho ya bendi. Kwa Jagari mwenyewe ni zaidi, maana kwenye zile za disko hakuwemo. Kwenye kinanda yumo Patrick Mwondela, aliyeingia WITCH mwaka 1980. Kwa hiyo hata hilo la "mzee mmoja" ni uongo: vipindi viwili vya bendi vimekutana chumba kimoja. Keith Kabwe wa Amanaz naye ameingia kuimba. Na kwenye "Avalanche of Love" yupo Sampa The Great, rapa aliyezaliwa Zambia. Mnajua Sampa ni nani kwa WITCH? Mjomba wake, George "Groovy Joe" Kunda, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi hii! Binti wa ukoo amekuja kusimama alipoacha mjomba wake. Mnataka uhalisi gani zaidi ya huo? Muda mrefu Jagari aliimba akiwa peke yake na kumbukumbu, na siku aliporudi studio damu ya mwenzake ikaja kumpokea. Mimi nilipolisikia lile jambo nililia, na siombi radhi.

Na kazi yenyewe ni nzuri. Wapeni masikio kabla ya kuwapa hukumu. "Waile" ina sauti za akina mama zinazopanda taratibu, halafu gitaa linaingia na kuubeba wimbo kwenda kwingine kabisa. "Streets of Lusaka" inatembea. Jagari amevuka miaka 70 na sauti imekwaruzika, lakini haijapoa. Anaimba Kiingereza na lugha za kwao kama mtu aliyefungiwa mlango miaka mingi. Siyo "Lazy Bones!!", haiwezi kuwa, na sitamdanganya mtu kwamba gitaa la Kims Mbewe limepata mrithi. Hilo pengo linasikika. Lakini mwaka 2025 wakaongeza nyingine, "Sogolo", na mtu aliyekuja kuchuma jina la zamani huwa haendi studio mara mbili kutunga nyimbo mpya. Angepiga zile za 1975 kwenye matamasha, akala hela, akalala.

Sasa redio zetu. Hapa ndipo nawaka kabisa.

Kaunda, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza redio ya Zambia ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani. Unaweza kumpinga kwa mengi, lakini agizo hilo ni miongoni mwa sababu za Zamrock kuzaliwa: vijana waliokuwa wanapiga rock ya watu ikabidi watunge ya kwao. Leo hatuna agizo na hatuna aibu. Nilimwandikia mtangazaji wa kituo kimoja, kituo ambacho sikitaji, kinachojitapa kwa kipindi chake cha zilipendwa. Nikampelekea "Zango" nzima, nikamwandikia na historia fupi. Akanijibu kwamba wasikilizaji wake "hawawezi muziki wa Kizungu". Muziki wa Kizungu! Muziki uliopigwa na watoto wa wachimba shaba, ulioimbwa pia kwa lugha za Kibantu. Nikamweleza. Hakujibu tena. Usiku uleule kipindi chake kikapiga nyimbo za Marekani za miaka ya 1980, mfululizo.

Na ndugu zetu wa Kenya msikae pembeni. Santuri nyingi za Zamrock zilichapwa Nairobi, kwa sababu Zambia ilikuwa bado haina kiwanda cha kuchapa. Musi-O-Tunya waliishi na kupiga muziki Kenya kabla ya kurudi kwao kuwa wakubwa. Huo ni urithi wa Nairobi pia. Niambieni, ni kipindi gani cha redio Nairobi kimefanya hata saa moja juu ya habari hiyo? Kama kipo, wekeni jina lake hapa nikisikilize, nitawashukuru.

Wakati sisi tumelala, mwaka 2024 rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, alichukua sauti za wimbo wa Ngozi Family wa mwaka 1977 akajengea wimbo wake "Noid". Dunia nzima ikacheza. Vijana wa mtaani kwangu waliimba kile kipande cha Kinyanja wakidhani ni maneno tu yasiyo na maana. Nikawaambia hiyo ni sauti ya Paul Ngozi, mtu wa nchi jirani, amekufa miaka 35 iliyopita. Walishangaa sana. Wana njaa ya kujua, hakuna anayewapa.

Na hapa nyumbani tunafanya kosa lilelile. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam zina bendi ambazo wapigaji wake wengine bado wako hai, wanaishi Temeke, Tanga, Morogoro, wanaumwa magoti, hakuna anayewauliza habari. Patrick Balisidya wa Afro 70 tulimzika mwaka 2004. Tunangoja wabaki mmojammoja, kisha akipata watu wa nje wa kumshika mkono tumwambie kwamba bendi yake si halisi?

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba mjibu kwa vitendo. Mtangazaji yeyote uliyemo humu, piga "Waile" wiki hii, taja jina la bendi na mtaje Jagari akiwa hai anasikia. Mwenye santuri ya WITCH, Amanaz au Musi-O-Tunya iliyochapwa Nairobi, piga picha ya lebo uiweke kwenye uzi huu, tuanze kukusanya. Mwenye mzee wake aliyewahi kupiga bendi yoyote miaka ya 1970, mrekodi kwa simu akieleza nani alipiga nini, wimbo gani, mwaka gani. Mimi nimeshaanza na wawili wa Mbeya, nitaweka sauti zao hapa Jumamosi.