Mrejesho: sentensi za Kimisri cha kale zimeanza kueleweka

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza kwa nini sentensi kama "iu sesh em per", yaani karani yumo nyumbani, haina kitenzi cha kuwa, na nianzie wapi. Mlioniambia niache kwanza kukariri alama, nishike mpangilio wa maneno, Mungu awabariki.

Kumbe Kimisri cha Kati, hatua mojawapo ya Kimisri cha kale ninayojifunza, hakikihitaji kitenzi hicho: "iu" hufungua sentensi, anatajwa mtu, kisha mahali. Penye kitenzi, chenyewe hutangulia, mtenda hufuata, ndipo kitendwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni sifa. "Niut neferet" ni mji mzuri. Sifa inafuata nomino na kubeba "t" ya kike, kwani "niut", mji, ni nomino ya jinsia ya kike. Geuza iwe "nefer niut", tayari una sentensi kamili: mji ni mzuri. Na ile "t" imeondoka, kwani sifa ikiwa kiarifu haifuati jinsia. Nilikaa na mistari hiyo miwili jioni nzima, raha tupu!

Sasa niko kwenye "hotep di nesu", yaani "sadaka aitoayo mfalme", maneno yaliyochongwa kwenye mawe ya makaburini. Neno "nesu", mfalme, huandikwa mwanzo kwa heshima, ingawa husomwa mwisho. Mwenye picha safi ya jiwe la namna hiyo anirushie, tafadhali.