Naomba ushauri: kiini cha rediamu kinatemaje kaboni nzima?

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama. Mwaka 1984 wanafizikia Rose na Jones wa Oxford walionyesha kuwa rediamu-223 hutema kaboni-14, ikabaki risasi-209 (risasi ile metali; namba ni jumla ya protoni na nyutroni). Protoni zinakubali: 88 ni 6 na 82. Ila hutokea takriban mara moja kwa kila chembe bilioni moja za alfa (protoni 2 na nyutroni 2) ambazo rediamu hiyo hutema, na hapo ndipo ninapochoka. Kaboni ikitoka, nishati inayoachiliwa ni MeV 32 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya viini). Alfa ni 6 tu. Mwenye nguvu ndiye anayeshindwa kutoka?

Najua kizuizi cha umeme, yaani ukuta wa nishati ambao chembe lazima iupenye ili itoke kwenye kiini, ni kikubwa zaidi kwa kaboni. Je, kinatosha peke yake kueleza uhaba huu, au lazima nihesabu pia uwezekano wa protoni 6 na nyutroni 8 kujikusanya kwanza humo ndani? Daftari limejaa mikwaruzo. Nianzie wapi?